Sura ya Tano: Gari Moja, Wenyewe Wanne

Simu ya Winnie iliita kwa mara ya tisa kabla Inspekta Sabina Chenge hajamaliza kuuzunguka ua.

"Mpandishe mtoto bodaboda leo tu, mama," Winnie alisema kwenye simu, sauti imemkauka. "Gari limeibiwa jana, nimeshaeleza kwenye kundi la wazazi. Polisi wapo hapa sasa hivi." Akakata. "Watoto kumi na mmoja, afande. Nisipowapeleka shule wiki hii, wiki ijayo watakuwa kwenye gari la mtu mwingine. Mimi nitakula nini?"

Asubuhi Chenge hakuwa mtu wa maneno mengi, na jalada alilopewa lilikuwa limeshamharibia chai. Mkuu wake alisema limeiva. Gari lenyewe, Noah nyeupe, lilitoweka hapa Kiseke jana Jumapili, Winnie akiwa kanisani. Mumewe, Revocatus, fundi wa mashine za boti kule Igogo, walitengana miezi saba iliyopita, na siku ya kutengana alitamka mbele ya majirani kwamba gari atalichukua. Jana saa sita mchana, muuza vitumbua wa Igogo aliliona mbele ya karakana ya fundi huyo. Jana jioni Revocatus akatiwa mahabusu. Leo saa nane mchana anapandishwa mahakamani kwa wizi wa gari, na akishasomewa shtaka, kumtoa itakuwa shughuli nyingine.

"Kikulacho ki nguoni mwako," mkuu alisema akigonga mhuri. "Kachukue maelezo ya nyongeza kwa huyo mama, tufunge."

Maelezo ya nyongeza yalikuwa kibarazani, na ndiyo yaliyomkosesha Chenge utulivu. Mito kumi na moja ya kukalia watoto, daftari la mahudhurio, chupa ya maji iliyosahauliwa na mtoto fulani, vyote vimepangwa vizuri, vimefunikwa turubai na kufungwa kamba ya katani. Mwizi gani anashusha mizigo ya mwenye gari, kisha anaifunika isinyeshewe?

"Dharau hiyo," Winnie alisema. "Ndivyo alivyo Revo. Anataka nione kwamba hajachukua cha mtu, kachukua chake."

"Ni lake?"

"Gari ni langu, afande! Miezi ishirini na sita nalipa mimi, kwa simu yangu."

"Kadi ya gari ina jina la nani?"

Winnie akaligeukia geti kama vile kuna mtu anabisha. "Kadi iko kwa Alkarim aliyetukopesha, mpaka tumalize rejesho."

"Na mkataba?"

"Tuliandika jina la Revo. Kipindi kile yeye ndiye alikuwa na barua ya mwajiri. Aliandikwa tu."

"Aliandikwa tu," Chenge alirudia, akiandika. Miaka kumi na moja ya upelelezi ilikuwa imemfundisha kwamba kesi nyingi za Mwanza hulala chini ya hilo neno "tu".

Kufuli la geti halikuwa na mkwaruzo. Lilifunguliwa, gari likatoka, likafungwa tena. Ufunguo wake wa akiba hukaa juu ya mlango wa choo cha nje, na ukoo mzima unajua. Na wa gari je, Chenge aliuliza.

"Ninao mmoja. Wa pili sijawahi kuushika, nadhani alibaki nao Revo."

Chenge akachuchumaa mbele ya turubai. Alishika ncha fupi ya kamba, akaivuta mara moja, na fundo lote likaachia. Fundo lile ni la kumfungia ndama pembeni wakati mama yake anakamuliwa. Ndama akivuta linakaza, wewe ukivuta ncha fupi linafunguka. Chenge alikulia Kwimba, nyuma ya mikia ya ng'ombe, na vidole vyake vilikuwa vimelitambua kabla ya kichwa.

"Revocatus kwao wapi?"

"Ukerewe. Kwao ni maji na nyavu."

"Ng'ombe wanafuga?"

Winnie alicheka bila kutaka. "Ng'ombe wanaonana naye kwenye supu."

Chenge akaikunja kamba, akaitia kwenye mfuko wa vielelezo, akamsainisha Winnie. Ilikuwa saa tatu na dakika tano.

*

Alkarim Taherali aliuza magari kwa mkopo katikati ya mji, kwenye yadi aliyoanzisha babu yake kwa kuuza baiskeli. Alikuwa na miaka sitini, na meza yake ilikuwa na majalada mengi kuliko ya Chenge.

"Shikamoo, mzee Alkarim."

"Marahaba, mama. Umekuja kwa Noah ya Kiseke. Nimesikia jana hiyohiyo. Mwanza hii ukikohoa Igogo, unapewa pole Kiseke."

"Gari lile ni la nani?"

"La kwangu," Alkarim alisema bila majivuno. "Kadi inasoma jina la kampuni. Mkopaji ni Revocatus. Anayelipa ni Winnie, na mimi siulizi hela imetoka kwenye simu ya nani. Tangu waachane wanakuja hapa, kila mmoja kwa siku yake, kunieleza kwamba gari ni lake. Nawapa chai. Mpaka rejesho la mwisho liingie, gari ni langu, wao wanaliendesha."

"Wanadaiwa?"

"Hapana. La mwezi huu limeingia Ijumaa."

"Kianzio alitoa nani?"

Alkarim akalamba kidole, akafunua jalada. "Mdhamini. Mzee Maige wa Magu, baba wa binti. Alitoka mnadani moja kwa moja na buti zake za tope, akaweka fedha taslimu hapa mezani. Ng'ombe wa mahari, alisema, kawauza wote kumi ili vijana waanze maisha."

"Nionyeshe fomu ya makabidhiano."

Ilikuwa karatasi moja iliyoanza kuwa njano. Tairi la akiba, jeki, redio. Ufunguo wa kwanza, saini ya Revocatus. Ufunguo wa pili, saini kubwa, ya mtu aliyejifunza kuandika ukubwani: Maige.

"Kwa kawaida wa pili unabaki kwenye kabati langu," Alkarim alisema, safari hii kwa aibu kidogo. "Lakini mzee aligoma kuondoka. Akaniambia, ng'ombe zangu zote zimeingia humo ndani, nipe na mimi kamba ya kushikia. Sasa mzee kama yule utamjibu nini?"

Chenge aliomba nakala. Aliichomoa kwenye mashine ikiwa bado ya moto, akaondoka bila kunywa chai.

*

Alipita Igogo. Dorotea, muuza vitumbua, alikuwa anaosha kikaango na hakufurahi kumwona askari mara ya pili.

"Jana uliandikisha kwamba Revocatus alikuwa na gari," Chenge alimwambia. "Alikuwa ndani au nje?"

"Nje. Kasimama dirishani, upande wa abiria."

"Anafanya nini?"

"Anaongea na mtu ndani. Sikumwona mtu mwenyewe, kioo kina giza. Revo kavua kofia kaishika hivi, na jua lile!"

"Mbona habari ya kofia hukuisema?"

"Hamkuniuliza kofia, mliniuliza gari."

Chenge alikuwa tayari anarudi kwenye pikipiki yake. Mwanamume havulii kofia gari, na havui kofia juani kwa ajili ya mwizi mwenzake. Havui hata kwa mke. Mle ndani, kiti cha abiria, alikaa mtu mzima wa kuheshimiwa.

Kituoni alimtoa Revocatus mahabusu, akamkalisha kwenye benchi la chumba cha mahojiano, akamtupia ile kamba mapajani.

"Ifunge kwenye mguu wa benchi."

Revocatus alikuwa hajalala na macho yalikuwa mekundu. Aliizungusha kamba mara mbili, akaibana kwa kitanzi, bila kutazama.

"Hilo fundo la nini?"

"La boti."

"La ndama unalijua?"

Revocatus akaanza kuifungua kamba. Jana alihojiwa saa mbili nzima na jibu lake lilikuwa moja, andikeni mnavyotaka. Chenge akaweka nakala ya fomu juu ya benchi, kidole chake kwenye saini ya pili.

"Mzee Maige alikaa kiti cha abiria. Aliyeendesha ni nani?"

Revocatus akasimama, kisha akakumbuka alipo, akakaa. "Afande, andika ni mimi."

"Umelala hapa usiku mmoja tu. Ukishapanda gari la gereza la Butimba, hakuna atakayekwambia idadi ya siku."

"Najua."

"Unamficha baba wa mwanamke aliyekushtaki?"

"Mkwe ni mkwe," Revocatus alisema. "Mke ameniacha. Mkwe hajaniacha."

Chenge alimpa maji. Alimwacha anywe yote, huku akijizuia asitazame saa ya ukutani.

"Baba yangu mdogo ndiye aliyechokoza," Revocatus alisema mwishowe. "Alituma wazee Magu wadai ng'ombe kumi zirudi. Ndoa imevunjika, mtoto hatukupata, kwa mila wanarudi wote. Mzee hana ng'ombe tena, nadhani unajua alipowapeleka. Jana kaja na gari mpaka karakana. Ananiambia, mwanangu, ng'ombe zako hizi hapa, zimeota matairi, zichukue nipumzike."

"Ukamjibu?"

"Nikamwambia, baba, rudisha. Hili linabeba watoto wa watu. Nakubali niliwahi kusema nitalichukua, ni hasira, nani hasemi? Akaona nimemkatalia mbele ya dereva. Akaondoka amenuna."

"Na hukusema, ukalala sakafuni."

"Niseme nini, afande? Kwamba mzee wa miaka sabini na mbili kaiba gari la mtoto wake? Mkamfunge pingu mbele ya ukoo wote? Hapana."

Mkuu wa Chenge alisikiliza akiwa amesimama, koti begani. Hakupenda, lakini hakuwa mjinga. "Hadithi nzuri," alisema. "Ukiliona gari kwa macho yako, nipigie. Usipoliona, saa nane anapanda."

Ilikuwa saa tano na robo, na Magu si hapo mlangoni.

*

Alimpitia Winnie, kwa kuwa gari lazima litambuliwe na mlalamikaji, na hakumwambia wanakokwenda. Walipoiacha barabara kuu na kukata kuelekea kwa wazee wake, Winnie aliacha mwenyewe kuuliza wanakokwenda.

Noah ilikuwa chini ya bati, kwenye banda la kuhifadhia pamba. Ilikuwa imeoshwa mpaka tairi zinang'aa. Boneti lilikuwa wazi na waya za betri zimechomolewa, asije mtu akaiwasha. Mzee Maige alitoka ndani akifunga vifungo vya koti.

"Mwadila, baba," Chenge alisalimu kwa Kisukuma.

"Mwadila. Karibuni."

Winnie alikuwa ameshamkimbilia baba yake, kampigia magoti, kamshika mikono yote miwili. "Baba, umelipata! Jamani baba, umelikuta wapi? Walikuwa wamelificha wapi?"

Chenge angetoa chochote asiwe pale. Mzee alimtazama binti yake kwa mshangao wa kweli.

"Sikulikuta popote. Nimelichukua mimi, na Antoni." Antoni, mpwa wake, dereva wa lori la pamba, alikuwa nyuma ya banda na hakuwa na haraka ya kujitokeza. "Jumatano watu wa Ukerewe wanakuja na wazee wao. Nawakabidhi, yaishe."

"Unawakabidhi gari langu?"

"Lako kwa lipi? Limenunuliwa na ng'ombe zangu."

"Ng'ombe walitoa kianzio tu, baba! Mimi nimelipa miezi ishirini na sita!"

"Ulikuwa unazilisha," mzee alisema, kwa upole, kama anayemfundisha mtoto hesabu. "Ng'ombe akilishwa na mtoto, bado ni wa baba."

Chenge aliwahi kusikia mawakili watatu wakibishana juu ya gari la mkopo, na hakuna aliyemaliza hoja haraka namna hiyo. Ilikuwa hoja iliyonyooka kabisa. Tatizo ni kwamba haikuwa sheria.

"Hukuniuliza," Winnie alisema. Alikuwa bado amepiga magoti. "Mtoto wako, baba, na hukuniuliza."

"Nilipozipokea za mahari sikukuuliza. Nikajua na kuzirudisha hakuulizwi mtu."

Winnie akainuka, akapangusa magoti polepole, goti moja kisha jingine.

Alimpigia Alkarim, akaweka simu kwenye sauti ya juu, wote wasikie.

"Mzee Alkarim, gari lako ninaliona. Liko Magu kwa mdhamini. Swali langu ni moja, nawe ndiye mwenye kadi. Umeibiwa?"

"Shikamoo, mzee Maige," sauti ya Alkarim ilisema kwanza.

"Marahaba, kijana wa Taherali."

"Mimi sijaibiwa, afande. Mzee kalifungua kwa ufunguo niliompa mwenyewe. Lakini mzee, nisikilize. Huwezi kumpa mtu wa Ukerewe gari langu, hata kama ng'ombe zako ziko ndani. Ni kama uazime ng'ombe wa jirani wa kulimia, halafu umtoe mahari."

Hilo mzee Maige alilielewa. Chenge aliliona linavyomshuka, kutoka usoni mpaka mabegani.

"Lirudi yadi leo," Alkarim aliendelea. "Wenyewe wamegawanyika, siwezi kuliacha barabarani. Litatoka siku mkopaji atakapokuja kusaini, ama aendelee nalo yeye, ama amwachie binti."

"Mkopaji," Winnie alisema, ingawa alijua.

"Revocatus, mama. Hakuna saini nyingine ninayoweza kuipokea."

Simu ilipokatika, mzee aliuliza mkwe wake yuko wapi, aitwe, waongee kama watu wazima.

"Yuko mahabusu tangu jana jioni," Chenge alimwambia. "Anashtakiwa kwa kuiba gari hili. Saa nane anapanda mahakamani."

"Kwani hakuwaambia?"

"Aliniambia leo, baada ya mimi kukutaja. Na bado aliniomba niandike ni yeye."

Mzee Maige alikaa juu ya gunia la pamba. Alikaa kwa muda mfupi sana kwa umri wake, kisha akasimama na kumwita Antoni kwa ukali arudishe waya za betri. "Twende," alisema. "Niandikwe mimi."

Winnie alikuwa ameegemea mlango wa Noah, mkono mdomoni. Ndiye aliyewapeleka askari Igogo jana, na ndiye aliyewaonyesha mlango. Chenge alimpigia mkuu wake, akasema gari analiona. Ilikuwa saa saba kasoro kumi.

*

Walifika kituoni saa nane kasoro dakika tano. Karandinga la mahakama lilikuwa limeshawashwa uani, lakini Revocatus hakuwa ndani yake. Alikuwa kaunta, anasaini kurudishiwa mkanda na pochi.

Alipomwona mzee alinyooka. "Shikamoo, baba."

Mzee Maige alimshika kijana bega, akaliminya, kisha akaenda kusimama ukutani, amewapa wote mgongo.

Winnie alisogea. Alikuwa ametumia safari ile nzima kupanga maneno, na sasa alipata moja tu. "Ungeniambia."

"Ungeniamini?"

Winnie akainamisha uso.

"Nijibu hili basi," Revocatus alisema, akipitisha mkanda kiunoni. "Jana ulipowaambia askari ni mimi. Ilikuwa hasira, au uliamini kweli?"

Hata konstebo wa kaunta aliacha kuandika. Winnie angeweza kusema hasira, na Chenge alimwombea kimoyomoyo aseme hivyo. Lakini Winnie alikuwa amechoka, na hakuwa mwongo.

"Niliamini."

Revocatus aliitikia kwa kichwa, kama fundi aliyepata mahali mashine ilipoharibikia. Akakaza mkanda, akatia pochi mfukoni.

"Kesho saa tatu nitakuwa kwa Alkarim. Nitakuandikia gari lote. Ukimaliza rejesho, kadi itoke kwa jina lako."

"Revo, sijui nikushukuru vipi..."

"Usinishukuru. Sitaki tena karatasi yenye jina langu na lako." Akamuaga mzee, akamuaga Chenge, akatoka.

Winnie alikuwa amelipata gari lake. Alilia hapohapo kaunta, mbele ya askari na mbele ya baba yake, na Chenge alimwacha alie kwanza, ndipo akamsogezea fomu ya kufuta malalamiko.